Hati ina jina langu, jembe analo kaka: nisaini mkataba wa kutunza kijito au niache?

Anti shikamoo. Naomba usitaje jina langu wala kijiji chetu maana ndugu zangu wanapitia sana hii safu na jambo lenyewe bado bichi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, naishi Makorora hapa Tanga mjini, nashona nguo na nina watoto watatu. Marehemu baba alituachia shamba kule juu upande wa Amani, wilaya ya Muheza, ekari kama nne hivi, liko kwenye mteremko mkali linashuka mpaka kwenye kijito ambacho huko mbele kinaingia mto Zigi. Kijiji kilipopima ardhi baba alikuwa anaumwa na kaka yangu mkubwa alikuwa Dar anahangaika na maisha, basi mzee akasema niandikwe mimi, hati ya kimila ikatoka kwa jina langu. Mzee alipofariki kaka akarudi, akajenga pale pale na mkewe, ndo anayelima mpaka leo na mama yuko kwake. Kiukweli hatujawahi kugombana kuhusu lile shamba. Akivuna ananiletea ndizi na magimbi, iliki ikiwepo ananiletea, na mimi nikipata changu natuma hela ya dawa za mama.

Sasa Anti shamba linaisha. Sisemi limeuzwa, linaisha kwa maji. Masika ikipiga unakuta mifereji imechimbika katikati ya mihogo, mizizi iko nje, na udongo wote mwekundu uko kwenye kijito. Kuna jiwe tulikuwa tunaanikia iliki utotoni, lilikuwa sawasawa na ardhi, unakanyaga unapita, leo nikisimama pembeni yake linanifika gotini. Alafu narudi zangu mjini nafungua bomba maji yana rangi ya chai, naweka ndoo ituame, moyoni najua kabisa kuna kijiko cha udongo wa baba humo ndani.

Mwaka huu wamekuja watu wa mradi na bwana shamba wa kata. Wanasema gharama tunagawana. Wao wanatoa asilimia 60, yaani miche ya miti, majani ya guatemala ya kupanda kwenye makingamaji, yale matuta ya kuzuia maji yasishuke na udongo, mtaalamu wa kupima na sehemu ya hela ya vibarua. Mwenye shamba anatoa 40 kwa hela au nguvu kazi. Hela unatanguliza wewe, ya upande wao wanakurudishia kazi ikishakaguliwa. Sharti ni kwamba upande wa kijito uachwe kabisa, hakuna jembe hakuna dawa, ipandwe miti na majani, mkataba miaka mitano, na anayesaini ni mwenye hati. Mwenye hati ni mimi.

Kaka hataki kusikia. Ule upande wa kijito ndo anapolima nyanya kiangazi, maji yako karibu, na hela ya nyanya ndo inamsomesha kijana wake sekondari. Anasema miaka ya nyuma walikuja wengine wakagawa miche wakapiga picha wakaondoka, miche ikafia kwenye viriba. Anasema pia nikishasaini karatasi ya miaka mitano kesho watasema shamba ni lao. Wifi yangu ndo aliniumiza zaidi, alisema "nyie wa mjini mnataka maji meupe, sisi tule nini?" Mama kanyamaza tu, na ukimya wake nadhani uko upande wa kaka. Mimi nina akiba ya vikoba inayotosha kulipa sehemu yangu. Wenye mradi wanataka jibu kabla ya vuli.

Anti, nikisaini nitakuwa nimemnyang'anya kaka riziki yake kwa kalamu. Nisiposaini shamba la baba litafika Bahari ya Hindi mimi naangalia. Na nimemwona kwa macho yangu anasuuza bomba la dawa pale pale kwenye kijito akimaliza kupiga nyanya, nilishindwa kumwambia. Nifanyeje?

Mwenye hati, Makorora

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia usiku, maana kila nikifika kwenye lile jiwe nasimama. Udongo uliokuwa usawa wa jiwe mpaka ukashuka kufika gotini, ndani ya umri wa mtu mmoja, haurudi kwa mbolea ya dukani. Kwa hiyo kwanza nikwambie hofu yako ni ya kweli, hujaikuza.

Ukiniruhusu niseme nilivyokuelewa. Una karatasi, kaka ana kazi. Mradi umekuja kuongea na karatasi. Wewe unaona una njia mbili, usaini umuumize kaka au uache shamba liende. Hapo kwenye mbili ndo nataka tukae kidogo, maana naona umeziweka mbili mapema mno.

Tuanze na hiyo asilimia 40. Umeandika "sehemu yangu" na umeshaipigia hesabu kwenye vikoba. Lakini kuchimba makingamaji ya fanya juu kwenye mteremko kama ule, unapima kwa fremu ya A, vile vijiti vitatu na kamba na jiwe linaloning'inia katikati, unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima na udongo unaurusha juu, siyo chini, mstari baada ya mstari, hiyo kazi nani ataifanya? Vibarua siku mbili tatu sawa, na zinazobaki? Na tuta likibomoka kwenye mvua ya kwanza nani ataamka kulirudishia? Mwaka wa kwanza pia udongo wa chini usio na rutuba unakuja juu, mazao yanaweza kupungua mpaka samadi ikolee, hilo pengo litakuwa kwenye sufuria ya nani? Na ule ukanda wa nyanya ndo usiseme. Yaani kwenye karatasi wanaogawana gharama ni wawili, mradi na wewe, lakini shambani mko watatu na wa tatu ndo anabeba kubwa kuliko wote na hakuna alipoandikwa. Mimi ningekuwa kaka yako ningekataa pia, na nisingejua hata kueleza kwa nini nimekataa, ningesema tu wataninyang'anya shamba.

Na hiyo hofu ya kunyang'anywa usiione ni ujinga wa kijijini. Huko huko Usambara, Mlalo, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kulima matuta kwa amri miaka ya baada ya vita kuu ya pili, watu walichukia mpaka mpango ukafa. Uluguru nako walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, mwaka 1955 watu wakafanya fujo kubwa na mpango ukaachwa. Ngazi zenyewe hazikuwa na kosa, kosa ni amri. Baadaye Lushoto kuanzia 1981 ulikuja mradi wa kuzuia mmomonyoko ulioitwa SECAP, uliosaidiwa na Wajerumani, majani ya guatemala yale yale kwenye makingamaji, miti, ng'ombe wa kufungia ndani, na wapo wakulima walioupokea kwa sababu majani yalilisha ng'ombe na ng'ombe akatoa samadi na maziwa. Mtu anaona faida ndani ya banda lake. Kaka yako ameshaona miche imefia kwenye viriba, sasa muulize angetaka aone nini kwanza ndo aamini. Hilo swali umeshamuuliza? Kwenye barua silioni, naona alivyojibu mkataba tu.

Maneno ya wifi yako yamekuuma na najua kwa nini, kuna ukweli ndani yake. Tanga tunakunywa Zigi. Mto unatoka kwenye hiyo milima unaingia bwawa la Mabayani ndo tunapata maji, na tope likizidi mamlaka inaongeza dawa za kutulizia maji, na tope linalokaa chini ya bwawa linakula nafasi ya maji. Kwa hiyo ndio, mjini tunafaidika, na siyo dhambi mtu wa juu akisema basi mjini mchangie. Hili halijaanzia kwetu. Jiji la New York mwaka 1997 lilikubaliana na watu wa milima ya Catskill kunakotoka maji yake, jiji likawa linatoa hela kwa ajili ya kazi za kuzuia uchafu kwenye mashamba ya watu kule juu, wakaona ni nafuu kuliko kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja. Hapa nyumbani mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango kama huo Uluguru, Kibungo Juu, wakulima wakilipwa kwa kutunza ardhi inayolisha mto Ruvu, na DAWASCO, shirika la maji la Dar wakati huo, likawa miongoni mwa wachangiaji. Na hapa Tanga kwenyewe mamlaka yetu ya maji mwaka 2024 ilitoa hati fungani ya kijani, yaani ilikopa kwa watu hela ya mradi unaojali mazingira, shilingi bilioni 53.12 kwa miaka kumi. Hela ya maji ipo inatafutwa. Kwa hiyo swali la wifi yako la "sisi tule nini" ni swali la kupeleka mezani kwa wenye mradi, na ikiwezekana aulize yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Ila kuna kitu ambacho wifi hakukisema, na nadhani wewe unaweza kumwambia kwa upole. Wa kwanza kuyanywa yale maji siyo mimi wa mjini. Ni mama wa kitongoji cha chini anayekwenda na ndoo asubuhi, na dawa ya nyanya iliyosuuzwa mtoni inafika kwake kabla haijafika popote, tena haijapita kwenye mtambo wowote. Kwa hilo la bomba la dawa usisubiri mkataba kabisa. Halina gharama. Asuuze mbali na maji, na yale maji ya kusuuzia ayapige tena kwenye nyanya zile zile alizomaliza kupiga, basi. Ukianza na hilo dogo linalowezekana leo, na ukalisema kama dada siyo kama mwenye hati, utajua mlango uko wazi kiasi gani.

Sasa tuangalie unachoweza kufanya, na kila kimoja kina mwiba wake.

Unaweza kusaini peke yako. Una haki hiyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki na kutumia ardhi, na asikutishe mtu kwamba mzee alikosea. Lakini fikiria mwezi wa saba mwakani, kiangazi, kijana kafukuzwa ada, maji yanapita pale chini, ukanda umepandwa miti na kaka ana jembe mkononi. Nani atamzuia, wewe ukiwa Makorora? Akilima umevunja mkataba wewe, siyo yeye, maana jina ni lako. Kwa hiyo kabla ya kalamu uliza ukivunjwa inakuwaje, mnarudisha hela? Kwa nani na kiasi gani? Marekani ambako mipango hii ya kugawana gharama ni ya siku nyingi, kule serikali ilianzisha idara ya kuhifadhi udongo mwaka 1935 baada ya vumbi kufunika mashamba, na tangu 1996 wana mpango wanaouita EQIP ambao kwa kawaida unabeba mpaka asilimia 75 ya gharama, basi nako ni hivyo hivyo, hela inakuja kazi ikishakaguliwa na anayevunja mkataba anaweza kudaiwa. Ila wamejifunza kitu, mkulima mwenye kipato kidogo au anayeanza anaweza kupewa angalau nusu ya hela mapema ili anunue vifaa. Na wewe waulize hao wa kwenu, sisi hatuna pa kukopa, mnaweza kutanguliza? Wakisema haiwezekani kabisa, ujue akiba ya vikoba itakaa shambani mpaka mkaguzi apate nafasi ya kuja, na wewe una watoto watatu.

Unaweza pia kuacha. Hakuna ugomvi, ndizi zitaendelea kuja. Lakini usijidanganye kwamba ukiacha mambo yanabaki yalivyo. Udongo unaendelea kushuka, na pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Siku wakiamua kuisimamia kwenye kijito chenu kaka atatoka pale bila miche, bila fidia ya ada, bila kuulizwa. Hii sikupi umpige nayo kichwani, tafadhali, ukianza mazungumzo na sheria utakuwa umeyamaliza. Nakwambia uijue tu, kwamba zile nyanya za ukingoni haziko salama hata leo.

Katikati hapo kuna njia nyingine ambazo sijui kama umeshaziuliza. Mfano kuanza na mteremko wa juu msimu huu, makingamaji na guatemala, kule hakuna anayenyang'anywa kitu, na ukanda wa kijito ukaingia kwenye mkataba mwaka wa pili au wa tatu baada ya kaka kuwa na kitu kingine mkononi. Wenye mradi wanaweza kukataa kwa sababu wao shida yao kubwa ni kijito, na pia hatari ni kwamba mwaka wa tatu ukifika kaka anaweza kusema mambo yanaenda vizuri tuache hivi hivi. Au nyanya zisife bali zipande juu, ndani ya ile asilimia 60 iwemo mpira na tanki dogo amwagilie mbali na ukingo. Au ukanda upandwe kitu kinachoshika udongo na kinachokatwa bila kulimwa, majani ya ng'ombe kwa mfano, na kama kaka ana ng'ombe wa maziwa au anaweza kumpata hilo linabadilisha hesabu yote, Muheza maziwa yanauzika. Muulizeni bwana shamba kama kukata majani kunaruhusiwa kwenye mkataba, maana mingine inakataza hata kukata. Ng'ombe naye siyo mteremko, ana kwato na njaa, akiachiwa mtoni anaharibu kuliko nyanya.

Tena kuna umoja wa wakulima wa bonde la Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, ulioundwa kwa jambo hili hili la wakulima kuhifadhi chanzo cha maji. Sisemi uende ukajiunge kesho. Nasema kaka yako aende akaongee na mkulima mwenzake aliyeacha ukingo, asikie kwa mtu mwenye tope miguuni alipata nini akapoteza nini. Mimi na wewe hatuwezi kumwambia hivyo akaamini.

Kuhusu mama, mdogo wangu, nina wasiwasi umemsoma haraka. Ukimya wa mzazi anayeishi kwa mwanae mmoja na kununuliwa dawa na mwingine una maana nyingi, pengine anaogopa akisema neno atampoteza mmoja. Yeye ndo aliyekuwepo mzee aliposema uandikwe wewe. Muulize baba alitaka iweje, wewe uwe mmiliki au uwe mtunzaji wa hati kwa niaba ya wote? Jibu lake linaweza lisikufurahishe. Lakini ukisaini kitu cha miaka mitano bila kulijua hilo, litakuja tu siku moja, na huenda likaja msibani.

Kwa hiyo kabla ya vuli ningependa uende kule juu, ulale angalau usiku mmoja, mkaushuke ule mteremko wewe na kaka na wifi mpaka kijitoni. Hesabu ya nyanya ipigeni pamoja, kiangazi kimoja zinaingiza shilingi ngapi ukitoa mbegu, dawa na mafuta ya pampu, maana hata wewe hujaniandikia na nahisi hakuna anayeijua sawasawa. Wifi yako atakuwa anaijua zaidi, muulize yeye. Mkishaipata hiyo hela mnaweza kuona kama akiba yako ya vikoba inafaa zaidi kulipia vibarua au kumshikia kijana ada mwaka ule ambao ukanda umefungwa, huo pia ni mchango wa mwenye shamba hata kama kwenye fomu hauna kisanduku chake. Halafu wenye mradi waiteni nyumbani mbele ya mtendaji wa kijiji na muwaulize kama jina la kaka linaweza kuingia kwenye mkataba kama mtumiaji wa ardhi, kama kuna kifungu kinachosema wazi kwamba ardhi inabaki yenu miaka mitano ikiisha, na miti mtakayopanda ni ya nani kuvuna. Kila mmoja abaki na nakala, ya Kiswahili.

Wakikubali niandikie, na wakikataa kumwandika kaka niandikie haraka zaidi, kabla hujasaini chochote.